Gari ya zamani mara inawaka mara inagoma: kamata tatizo kabla hujanunua spea

Wenye magari ya zamani hapa Dodoma malalamiko yao yanafanana. Mmoja atakwambia gari inawaka vizuri tu asubuhi kutoka Nkuhungu, inafika Mtumba haina shida, ila akitoka kula mchana jua likiwa la utosi anapiga stata inazunguka wee haiwaki, anakaa kivulini nusu saa akirudi inawaka kama hamna kilichotokea. Mwingine yuko Area D, yake ni asubuhi tu, hasa Juni na Julai ule upepo wa baridi ukianza. Wa tatu anageuza funguo inasikika tik, kimya, anageuza tena na tena mara inawaka. Wote wanasema "gari inagoma kuwaka" na wote wanashauriwa badilisha betri. Wakati hayo ni magonjwa matatu tofauti kabisa.

Tatizo la hivi linapimwa wakati gari imegoma, sio baada. Ikishawaka ushahidi umeondoka. Watu wengi ikiwaka wanashukuru Mungu wanaondoka, halafu kesho wanaipeleka gereji ikiwa nzima, fundi anabaki kubahatisha kwa hela yako, leo plagi, wiki ijayo pampu, mwezi ujao stata. Dakika kumi za kwanza baada ya kugoma ndo za thamani, usizimalize kwa kuita vijana wasukume.

Weka kwenye buti spana namba 10 na 12, kipande cha msasa, fyuzi za akiba, waya za kubusti, plagi moja nzima na multimita ile ya bei rahisi. Ikigoma jiulize manne: stata inatoa sauti gani? Injini ni ya moto au ya baridi? Taa za dashibodi zimefanyaje wakati unapiga stata? Mara ya mwisho umeweka mafuta lini na wapi? Andika kwenye simu, au bora zaidi rekodi ile sauti, fundi akiisikia ataelewa kuliko maelezo yako yote.

Unageuza funguo, kimya kabisa au tik moja tu

Hii ndo inayoongoza na ndo watu wanapoteza hela nyingi bila sababu.

Anza na temino za betri. Shika kila moja kwa mkono uizungushe, ikisogea hata kidogo umeshapata mtuhumiwa. Kuna jambo wengi hawalijui, betri ndogo za Kijapani kama NS40 zipo zenye vichwa vyembamba na zipo zenye vichwa vinene. Gari imekuja na temino za vichwa vyembamba, unanunua betri ya vichwa vinene, fundi anazipanua kwa bisibisi. Betri inayofuata ina vichwa vyembamba, sasa temino zinapwaya, anakata kipande cha bati la kopo la soda anachomeka katikati kama kabari. Inawaka. Miezi inapita, vumbi la kiangazi linaingia, ule unga mweupe na wa kijani unajijenga kati ya bati na risasi, gari inaanza kuchagua siku. Ukifungua boneti ukaona kabari ya bati au msumari kwenye temino usitafute kitu kingine kwanza. Toa, sugua kichwa na ndani ya temino mpaka risasi ing'ae, weka temino ya saizi yake, kaza. Unafungua hasi kwanza, unafunga hasi mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

Temino zikiwa safi, pima betri. Iliyojaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 kushuka chini imekwisha chaji. Ila usiishie hapo, mwambie mtu apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 betri haina nguvu hata kama ikitulia inasoma vizuri. Joto linaua betri kuliko baridi, kwa jua la huku betri iliyovuka miaka miwili mitatu ni ya kuipima mara kwa mara. Na kama betri yako ni ya kuongeza maji, weka maji ya betri ya dukani, sio ya bomba. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, angalia ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika lako la chai, ndo unachokipeleka kwenye betri. Asidi nayo usiongeze, kinachopungua ni maji.

Cha tatu ni ethi, na huyu ndo mchawi anayejificha sana. Kuna waya mnene kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na mwingine kwenda kwenye injini au giaboksi. Jirani yangu Kisasa ana Carina iliyobadilishwa betri, ikabadilishwa stata, ikaendelea kugoma kila inapotaka. Ule waya wa ethi kwa nje ulikuwa mzima, mpira wake hauna hata mkwaruzo, ila ulipokunjwa karibu na kiringi chake ulivunjika kama biskuti, ndani nyuzi zote zimekuwa unga wa kijani, zimebaki chache zinazopitisha umeme zikijisikia. Kupima ni rahisi: weka mita kwenye volti, pini moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Isizidi volti 0.2 au 0.3. Ikisoma volti nzima au zaidi, ethi ni mbovu, badilisha waya na usugue unapofungwa.

Hayo yote yakiwa sawa ndo tunaenda kwenye stata yenyewe. Tik moja nzito halafu kimya, huku taa za dashibodi hazififii sana, hiyo mara nyingi ni shaba za ndani ya solenoidi (ile swichi ya umeme iliyo kwenye stata) zimeliwa. Stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi zinajulikana kwa hili: unageuza funguo mara nyingi ndo inashika, na kila mwezi idadi inaongezeka. Zile shaba mbili zinauzwa peke yake, na fundi umeme wa magari anazibadilisha bila wewe kununua stata nzima ya mtumba ambayo nayo shaba zake zimeliwa vilevile. Kama ukiigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo mtu anageuza funguo ikazunguka, basi ni kaboni (vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata) zimeisha au shaba, na hiyo kugonga ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kama hata tik hamna, na gari ni ya otomatiki, weka N upige stata. Ikiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, swichi ya gia imechoka au haijakaa sawa. Baada ya hapo pima ule waya mwembamba unaoenda kwenye solenoidi, funguo ikiwa kwenye kuwasha ipatikane volti 10 au zaidi. Ikiwa 7 au 8, stata haina kosa, umeme unapotelea kwenye swichi ya funguo au waya wa zamani, na dawa yake ya kudumu ni swichi mpya au fundi akuwekee rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme) ili ule waya upate umeme wa kutosha moja kwa moja kutoka betri.

Mwisho kwenye kundi hili, na mi nimeliweka mwisho ingawa kwa magari yetu linakaribia kupanda juu, ni alamu, traka na swichi za siri za kuzuia wezi. Aliyefunga alikata waya wa stata au wa pampu, akasokota kwa mkono, akazungushia gundi ya umeme. Joto la huku linayeyusha ile gundi, waya unalegea. Kama gari ina kitu kama hicho na hukifunga wewe, mwambie fundi akionyeshe kila maungio. Ila chini ya usukani waya zenye ganda la njano ni za eabegi, hizo usiguse wala usichomeke testa.

Tik-tik-tik ya haraka haraka, au inazunguka kwa uchovu

Umeme ni mdogo. Betri, temino, ethi kama hapo juu. Bustisha, ikiwaka pima betri injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kidogo alteneta haichaji, angalia belti yake kwanza, halafu fyuzi, halafu kaboni za alteneta. Na tafadhali usikubali ile tabia ya kuchomoa temino gari ikiwa inawaka eti kupima alteneta, volti zinaruka ghafla na kontroboksi (kompyuta ya injini) inaweza kufa hapohapo.

Kama alteneta inachaji vizuri na betri ni nzima lakini ukilaza gari siku mbili tatu haiwaki, kuna kitu kinanyonya umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, weka mita ya ampia kati ya hasi ya betri na waya wake, subiri kidogo itulie. Kwa gari ya zamani isizidi kama miliampia 50. Ikizidi chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Mara nyingi ni amplifaya ya redio, traka, au taa ya buti isiyozimika. Ukiwa umeunganisha mita hivyo usipige stata, utaiunguza.

Kubusti kuna utaratibu wake: chanya kwa chanya, hasi ya gari nzima, na ile ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini ya gari iliyogoma mbali na betri, sio kwenye hasi ya betri. Betri inatoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo hamna sigara hapo. Betri iliyovimba au iliyopasuka haibustiwi.

Stata inazunguka vizuri ila haiwaki, na ni mpaka injini iwe ya moto

Huyu ndo wa mchana wa Mtumba. Kabla ya yote hakikisha mafuta yapo kweli. Geji ya gari ya zamani inadanganya, na ukiwa umepaki kwenye mteremko na mafuta robo, pampu inanyonya hewa.

Halafu unatafuta kimoja kati ya viwili: cheche hamna, au mafuta hayafiki. Chomoa waya mmoja wa plagi, weka ile plagi ya akiba, ulaze chuma chake kwenye injini mbali na mafuta, mtu apige stata. Usiishike kwa mkono, umeme wa pale ni maelfu ya volti. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Ikiwa hamna, au ni nyekundu dhaifu, tatizo ni umeme wa kuchoma mafuta. Kwenye magari ya distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) kama yenye injini ya 5A, vinavyokufa na joto ni koili inayokuza umeme wa cheche na ignaita inayowasha na kukata umeme wa hiyo koili. Vikipoa vinafufuka, ndo maana ile nusu saa ya kivulini inafanya kazi. Kwa koili iliyo nje, zima funguo, ifunike kitambaa kilicholowa na kukamuliwa kwa dakika chache, ikiwaka haraka kuliko kawaida yake ushahidi huo. Ignaita ikibadilishwa hakikisha ile grisi yake nyeupe ya kupitishia joto imepakwa chini, ikiachwa kavu na mpya inakufa. Kwenye magari yasiyo na distributa mtuhumiwa wa kwanza ni krenki sensa inayosoma mzunguko wa injini, nayo ina tabia hiyohiyo ya kufa ikipata moto.

Ukiwa na Toyota ya miaka ya 1990 huhitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cha daignosisi, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unaweka funguo ON, taa ya cheki injini inahesabu yenyewe kwa kuwaka na kuzima. Ikihesabu 14 ni upande wa ignaita, 12 au 13 kontroboksi haipati ishara ya mzunguko wa injini, 22 ni sensa ya joto la maji. Soma maandishi kwenye kifuniko cha kiboksi vizuri kabla ya kuchomeka, tundu zisizohusika usiziunganishe.

Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Watu huweka funguo ON wakasikilize pampu kwenye tenki, wasiposikia wanasema imekufa. Toyota nyingi za zamani pampu haiungurumi mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya wa ON sio ushahidi. Kwenye kiboksi kilekile unaunganisha +B na FP, funguo ON, pampu inatakiwa iungurume. Ikiunguruma hapo na gari ikawaka, pampu ni nzima, rilei yake ndo mbovu. Honda za miaka ya 1990 nazo zina rilei kuu ambayo risasi zake zinapasuka ndani, gari inagoma ikiwa imekaa juani, fundi anaichomelea upya na inapona. Pampu iliyochoka inazidiwa na joto, hasa ukiwa na kawaida ya kuendesha na tenki karibu tupu, maana yale mafuta ndo yanayoipoza. Halafu filta. Kwa mtu anayeenda Bahi au Kondoa vijijini na kununua petroli ya kwenye madumu, filta ya mafuta ingefaa iwe ya kwanza kwenye orodha.

Gari ya kabureta kwenye joto la Oktoba na Novemba mafuta yanachemka kwenye mpira kabla hayajafika, injini inanyonya mvuke. Fungua boneti ipoe, kisha sogeza mpira wa mafuta mbali na egzosi. Usimwagie maji ya baridi injini ya moto.

Na kuna stata ambayo ikipata moto inagoma kuzunguka, ikipoa inazunguka. Hiyo bushi zimelika na iko karibu na egzosi, bati la kuikinga limetolewa na fundi aliyepita hakulirudisha. Lirudishwe.

Inazunguka ila haiwaki asubuhi ya baridi

Petroli: plagi zilizochoka, presha ya mafuta inayopotea usiku kucha, au sensa ya joto la maji inayoiambia kontroboksi injini ni ya moto wakati ni ya baridi. Jaribu kuweka ON na kuzima mara tatu kisha piga stata, au kwa zile Toyota ambazo pampu haiungurumi kwa ON, piga stata fupi mara mbili kabla ya ile ndefu. Ikiwaka hivyo kila siku, presha haikai. Ukisikia harufu kali ya petroli injini imelowa, kanyaga mafuta mpaka mwisho ukiwa unapiga stata, kwenye magari mengi ya EFI (yanayopuliza mafuta kwa injekta badala ya kabureta) injekta zinakatwa na injini inajikausha.

Dizeli, Hilux na Hiace za zamani: hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Pima kila moja, iliyokufa inakuwa haipitishi umeme kabisa. Zikiwa nzima na bado inasumbua, bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu ndo upige stata. Ikiwaka mara moja, hewa inaingia kwenye njia ya mafuta usiku, tafuta mpira au oringi iliyokauka. Ile spreyi ya kuwashia usipulize kwenye dizeli yenye hita plagi, inaweza kulipuka ndani. Na kumwaga petroli kwenye kabureta wakati mtu anapiga stata kumeunguza watu uso, naomba usifanye.

Baada ya mvua, kuosha, au kulaza gari muda mrefu

Mvua: unyevu kwenye kepu ya distributa na waya za plagi zilizopasuka. Usiku fungua boneti injini ikiwa inaunguruma uangalie, vicheche vinaonekana vikikimbia juu ya waya. Kausha, kisha badilisha. Iliyolazwa muda, hasa karibu na mashamba wakati wa mavuno, angalia panya, wanatafuna waya na wanajenga kiota juu ya injini.

Stata ikilia wiii peke yake bila injini kuzunguka, bendiksi (gia ndogo ya stata) haishiki au meno ya flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na gia hiyo) yameisha. Hiyo ni ya gereji.

Hapa acha, ita fundi

Gari imezimika ndani ya korongo na maji yalifika kwenye boneti: usipige stata hata mara moja. Maji yakiwa kwenye silinda yatapinda koneti, ule mkono wa pistoni. Ivutwe, plagi au nozo zitolewe kwanza.

Injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida na sauti imebadilika: taimingi belti inaweza kuwa imekatika, kila ukizungusha unaweza kupinda valvu.

Waya unafuka moshi au fyuzi ileile inaungua tena: usiweke kubwa zaidi wala waya wa shaba, toa temino ya hasi, subiri. Petroli inavuja au inanuka ndani: usiguse swichi yoyote, watu watoke. Mpira wa mafuta wa EFI usifungue mwenyewe, una presha hata gari ikiwa imezima.

Stata usipige zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, ipumzishe kama nusu dakika. Usiunganishe stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gari, gia ikiwa imeingia itakupitia. Otomatiki haisukumwi ikawaka.

Ukimfikia fundi usimwambie "inasumbua kuwaka". Mwambie hivi: inagoma ikiwa ya moto, stata inazunguka, betri ilishuka mpaka volti 10.8, cheche hazikuwepo, baada ya nusu saa zilirudi. Akitaka kubadilisha kitu muulize amekipimaje, na cha zamani akupe mkononi uondoke nacho.